Andika Jina Langu, Si la Senje Rispa

Nanjala, kukhu wangu, bibi yangu mdogo,

Mambo ya sabuni, soksi na dawa ya viatu mama yako ameyamaliza. Nimemsikia akiyarudia tangu mchana mpaka nikalihurumia hilo begi. Mimi sina la kuongeza hapo. Naandika kwa sababu kuna jambo moja nataka kukuomba kabla hujapanda gari kesho, na nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaanza kufoka kama kawaida yangu, nawe utainuka uende zako. Kwa hiyo kaa kitandani usome. Ukimaliza unaweza kukasirika, ruhusa unayo.

Juzi nilikusikia jikoni. Sikuwa nimejificha. Nilikuwa nje ya dirisha nakata mashina ya maua, na wewe unajua dirisha lile halifungi. Ulimwambia mama yako kwamba huko kwenye mafunzo ya jeshi wakikuuliza jina la mtu wa kuletewa habari zako, likitokea la kutokea, utawapa la senje wako Rispa wa Butere. Mama yako akauliza, "Na baba yako?" Ukasema, "Baba hataweza, mama. Baba atakimbia."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema taratibu, huku unachambua mboga, vile mtu anasema kwamba kesho kutanyesha. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Ungenitukana ningekujibu, lakini ulikuwa unanihurumia.

Ombi langu ndilo hilo. Usiwape jina la Rispa. Wape langu.

Dada yangu Rispa nampenda, ana moyo wa chuma, na alikulipia karo pale mimi niliposhindwa. Lakini wewe ni mtoto wangu. Sasa ngoja nikueleze kwa nini ulisema vile, maana una haki ya kusema, na nusu ya sababu zako mwenyewe huzijui.

Ile unayoijua tuianze. Siku ile ulirudi kutoka uwanjani, miguu ina vumbi la mbio mpaka magotini, na namba uliyoandikwa mkononi kwa kalamu ya wino hujataka kuifuta. Mama yako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi nilikuwa nimeketi na shada la msiba mapajani, nafunga matawi ya saipresi kwa ukambaa wa mgomba. Ukaja ukasimama mbele yangu ukasema, "Baba, wamenichukua." Na mimi, mzee mzima, nikakujibu bila hata kuinua macho: "Haya, nenda. Lakini usije ukaniletea kazi."

Majirani walicheka, walidhani ni utani wangu wa siku zote. Wewe hukucheka. Umekua katikati ya ndoo zangu za maua na unajua ni kazi gani huwa inatoka kambini.

Tangu siku ile hujala meza moja na mimi. Unasalimu kwa heshima, unaniita baba, unanipa maji ya kunawa, halafu unaondoka na sahani yako. Nami badala ya kukuita nikanuna. Nilinuna kwa sababu niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mjinga, uliza mama yako. Mama yangu, huyo uliyepewa jina lake, angekuwa hai angenishika sikio, anipe maji kwenye kibuyu, niyapulize nje mlangoni na neno lile liende na maji. Nilifanya hivyo jioni hii. Nilisimama mlangoni peke yangu, mzee wa kanisa, nikapuliza maji hadi mbwa akanishangaa. Neno lile nimeliondoa, kukhu. Halikufuati.

Sasa ile nusu usiyoijua.

Unakumbuka mwaka uliokuwa kidato cha pili, ukarudi likizo ukakuta pikipiki imefunikwa kwa turubai na mimi nalima mihogo? Uliniuliza mbona siendi kambini, nikakuambia injini imekufa. Haikuwa imekufa. Ungepiga kiki mara moja ingewaka.

Kambi ilinilea, usinisikie vibaya. Nilipokuwa kijana nilikuwa nakata miwa huko Kabras, na mgongo ukanishinda mapema. Nikarudi hapa nikapanda maua kando ya mto, watu wakanicheka kwamba mwanamume mzima anapanda kitu kisicholiwa. Halafu koplo mmoja akaniomba nimpelekee mke wake maua, walikuwa wamegombana. Nikapeleka. Mke akayapokea, akasema, "Mwambie bado nimekasirika," lakini akayatia kwenye jagi. Basi kazi ikaanza. Askari wa getini wakaniita Mzee wa Maua wakati hata mvi sina. Kikosi kikirudi kutoka mpakani nilikuwa silali. Mawaridi yalikuwa yanashuka na basi la alfajiri, mimi naongeza ya kwangu ya njano, na akina mama wananipigia simu wote kwa pamoja. "Yangu yawe mengi kuliko ya Mama Brenda!" Nilikuwa nacheka njia nzima.

Lakini kikosi kikirudi, si wote hurudi. Na hapo ndipo maua meupe yanapoingia.

Laini za kambi unazijua, nyumba zimepangwa mstari, mlango kwa mlango, kamba za nguo katikati. Mwanzoni maua ya msiba niliyafunika kwa gunia, nikidhani naonyesha adabu. Siku moja akina mama wakanisimamisha pale kwenye bomba la maji. Mmoja akaniambia, "Wewe baba, usifunikange. Ukifunika, sisi wote tunakufa. Ukiacha wazi tutaona rangi, tutaona unapinda wapi, halafu kila mtu atajua kama ni kwake." Nikatii. Tangu siku hiyo boksi langu la nyuma halina kifuniko, mpaka leo. Nikiingia na nyekundu na njano wanapiga kelele za furaha. Nikiingia na nyeupe, laini nzima inanyamaza, wanatoka milangoni na watoto migongoni, wanaangalia gurudumu langu la mbele linaelekea wapi.

Kwa kawaida nyeupe nilipeleka siku za baadaye, nyumba ikishajua, watu wakishajaa, hema limeshapigwa. Huo ndio utaratibu. Kwanza linakuja gari la kambi, na afisa, na kasisi. Wanagonga, wanavua kofia. Mimi huja nyuma kabisa.

Asubuhi ile alinipigia simu mtu wa Nairobi, sauti imekauka. Akasema anataka shada kubwa, lipelekwe kambini, nyumba ya Mama Faith, kaka yake, mume wa huyo mama, ameanguka huko mpakani. Rafiki aliyekuwa naye ndiye aliyempigia. Nikasema pole, nikashuka mtoni nikakata. Sikumuuliza kitu. Swali moja tu lingetosha, nalo ni hili: huyo mama ameambiwa? Sikuuliza kwa sababu sikuwahi kuhitaji kuuliza. Wale wenye gari walikuwa hawajachelewa hata siku moja.

Getini hakuna aliyesema kitu. Nikaingia. Laini ikanyamaza, kama kawaida. Nikapinda nyumba ya Mama Faith, na ndipo nikaona hakuna hema, hakuna viti, hakuna watu. Alikuwa yuko kwenye kamba, anaanika nguo, kibanio mdomoni. Mama Faith unamkumbuka, yule mwembamba aliyekuwa anakupa mandazi ukienda na mimi siku za Krismasi. Akanigeukia, akaona maua, akatoa kibanio mdomoni. Hakuogopa hata! Akatabasamu kidogo, akasema, "Baba Nanjala, leo umepotea. Hizo si za huku."

Nanjala, mimi ndiye niliyekuwa najua. Katika kambi nzima, pale uwanjani, mimi peke yangu. Mwanamke amesimama na nguo mbichi mkononi, ananitabasamia, na mimi najua.

Ningezima injini. Ningeweka stendi chini, nishuke, nisimame. Hata kama sina neno, ningesimama tu, angeelewa kwa kunitazama, na kungekuwa na mtu wa kumshika. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Ai, kweli mama, nimepotea." Nikageuza pikipiki. Na kwa sababu laini ni nyembamba na nyuma kulikuwa na mtaro, niligeuzia mlango wa jirani.

Nikasimama pale. Mlango wa Mama Kelvin.

Mume wa Mama Kelvin alikuwa kikosi kimoja na wa Mama Faith, walipanda lori moja. Yeye alikuwa ndani, akasikia pikipiki imesimama kwake. Akatoka. Akaona mimi, na nyeupe, na boksi wazi. Hakuniuliza. Alianguka pale kizingitini akalia kilio ambacho sijawahi kusikia tena, na namwomba Mungu nisikisikie. Laini yote ikamkimbilia. Mimi nikasema, "Si wewe, mama, si wewe," lakini nani ananisikia? Na wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Faith. Aliliacha beseni lake, akaruka mtaro, akamkumbatia mwenzake akamwambia, "Pole, dada yangu. Pole. Niko na wewe."

Hapo ndipo gari la kambi lilipoingia. Likapita taratibu. Likapita mlango wa Mama Kelvin. Afisa akashuka, kasisi akashuka, wakavua kofia, wakaangalia namba ya nyumba, wakauliza, "Mama Faith yuko wapi?"

Mama Kelvin alikuwa bado mikononi mwake. Akainua kichwa, akaelewa. Na akapiga kelele, "Asante Yesu!" Mara moja tu, kwa nguvu zote. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini lilikuwa limeshatoka. Mama Faith alilisikia akiwa bado amemkumbatia.

Wanawake wale walikuwa wanaanika kamba moja. Hawakusemezana tena. Watu wa kambi walimlaumu Mama Kelvin, wakasema ana roho mbaya, ana shukrani ya kishetani. Nani kati yetu asingelisema neno lile? Mimi ndiye niliyelitoa mdomoni mwake. Yeye hakuwa na sababu ya kuanguka wala ya kushukuru, angekuwa ndani kwake anachemsha chai. Mimi ndiye niliyeuchukua msiba wa nyumba moja nikautua nyumba nyingine kwa sababu sikutaka mtu anililie machoni.

Nilirudi nikafunika pikipiki kwa turubai. Mama yako alijua, nikamkataza kukuambia. Nikalima mihogo. Ndiyo maana nasema ulichosema jikoni ni kweli. Hukuambiwa na mtu lakini ulikiona, watoto huona. Ulimwona baba aliyekimbia.

Baadaye Mama Faith alilazimika kuhama kambini, maana nyumba ile ni ya askari na askari hayupo. Kabla hajaondoka alikuja kibandani kwangu sokoni. Nilimwona kutoka mbali nikataka kuingia chini ya meza. Akasimama mbele ya ndoo. Nikaanza kuomba msamaha, maneno mengi, unanijua. Akaniambia, "Nyamaza, Baba Nanjala. Maua hayakuniuma. Hata kama ungenishtua, ningeshtuka nikamaliza. Kilichoniuma ni kwamba uliniambia umepotea, nikakuamini. Ulipogeuka niliendelea kuanika. Niliokota shati lake kwenye beseni nikalikung'uta, nikaliweka kwenye jua ili akute limekauka. Nilikuwa nafurahi, Baba Nanjala. Ulinipa ile dakika na siitaki. Kila siku narudi pale kwenye kamba, najiona naanika shati la maiti huku nacheka."

Halafu akanunua maua ya njano, yale madogo, akaenda. Nilimkatalia pesa, akaziacha juu ya meza.

Wiki ile ile nikatoa turubai. Usidhani ni ushujaa. Niliona tu kwamba nisipokwenda mimi atakwenda kijana mwingine ambaye hajui la kuuliza. Sasa ukinipigia simu uniagize shada la kambini, swali langu la kwanza ni lile lile, na usiponijibu vizuri sitoki hapa. Wengine hunitukana. "Wewe ni muuza maua au ni polisi?" Nawaambia vyovyote, lakini mwenye nyumba ameambiwa? Na nikifika, nazima injini. Nashuka. Naupeleka mzigo kwenye mlango wake wenyewe na nasimama mpaka waniambie niende. Kuna waliowahi kunipiga ngumi za kifua. Nasimama.

Sikufundishi kazi yako, sijui hata bunduki hushikwa wapi. Lakini unavyosoma na vile una adabu, wataona unafaa, na siku moja watakuvalisha vizuri wakuambie uandamane na kasisi mpaka mlango fulani. Ukifika ukamkuta mtu anatabasamu, moyo wako utakutafutia mlango mwingine. Utaona mtaro, utaona njia nyembamba, utaona kila sababu. Shuka, mwanangu. Mlango ni ule ule uliotumwa. Hayo tu, sitaki kukuhubiria, mchungaji atakuja asubuhi kufanya hiyo kazi na anaipenda kuliko mimi.

Nikuambie na la leo, ucheke kidogo. Jioni baada ya kupuliza maji nilichukua jembe nikashuka mtoni. Nilitaka kung'oa maua meupe yote. Nilijisemea, mtoto wangu haendi jeshini huku mimi namlimia shada nyumbani. Nikang'oa, nikang'oa, jasho, matope hadi kiunoni. Nilipofika katikati nikaketi kwenye tope. Nikajiona. Ni yule yule aliyegeuza pikipiki. Kung'oa hakumzuii mtu kufa, kunamnyima tu jirani maua. Nikayarudishia yale yaliyokuwa na mizizi mizima. Kesho ukipita pale daraja dogo utaona yamelala kama yamelewa. Yatasimama.

Naogopa, Nanjala. Acha niseme wazi, maana nimelisema kwa hasira na halikueleweka. Nimeona milango mingi kule kambini na sasa ninao wa kwangu, huu wa mabati ya kijani. Kila gari litakaloingia njia hii nitasimama nitazame gurudumu. Sitalala vizuri tena mpaka ustaafu, na mimi sina hakika nitafika huko. Ungekuwa mwalimu ningelala. Lakini umechagua, na ulikimbia peku ukawashinda wengi, nami najivunia wewe mpaka kifua kinauma, na sikukuambia.

Kwa hiyo usiwape jina la Rispa. Ukimpa Rispa, wataenda Butere, na Rispa atapanda gari aje hapa na khanga kichwani, na njia nzima mimi nitakuwa kibandani nauza maua, nataniana na wateja. Labda nitakuwa nakucheka wewe, nasimulia vile ulikuwa unaogopa kuku. Usinipe dakika ile. Mama Faith ameniambia ladha yake na siitaki. Wakija, waje kwangu kwanza. Nitazima kila kitu nilichoshika, nitasimama mlangoni mwangu, nitawasikia hadi mwisho, halafu mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia mama yako. Sitageukia kwa jirani. Nakuapia kwa mama yangu uliyebeba jina lake.

Mama yako amechinja ingokho usiku huu na hukunisubiri, na kweli sikustahili. Aliniwekea imondo, ile firigisi ya kuku, kama desturi, fungu la mwenye nyumba. Sijaigusa. Iko chini ya sahani ya bluu, ni yako. Najua wasichana wa kwetu hawali. Ule asubuhi na chai, na mtu akikuuliza mwambie baba amesema.

Steji nitakupeleka mimi. Nimeosha pikipiki, nimeondoa ndoo, begi lako litakaa kwenye lile boksi lisilo na kifuniko, wapende wasipende wataona Mzee wa Maua amebeba nini leo. Sitakuuliza jina gani utawapa. Kama ni langu, usiniambie kitu mbele ya watu, nitalia niaibike. Panda tu, unishike kiunoni kama zamani.

Kama ni la Rispa, shika chuma cha nyuma. Nitaelewa, na bado nitakupeleka.

Baba yako